Mwanga Unaosingizia Watu

Mama yangu alikuwa nesi wa zahanati milimani Lushoto, upande wa Mlalo, na ukimuuliza ni chombo gani cha kazi alichokitegemea kuliko vyote, hatakutajia kipimajoto wala mizani ya watoto. Atakutajia tochi. Ilikuwa ya bati, ya betri tatu kubwa, yenye nembo ya Tiger Head, kichwa cha mnyama ambaye sisi watoto tulimwita chui kwa sababu hakuna aliyekuwa ametuambia habari za simbamarara. Swichi yake ilikuwa ya kusukuma kwa kidole gumba, na karibu nayo palikuwa na kitufe chekundu cha kumpa mtu ishara bila kuiwasha moja kwa moja. Mkiani palikuwa na pete ya kuning'inizia. Pete hiyo ilisaidia kuzaliwa kwa nusu ya rika langu, maana juu ya kitanda cha kujifungulia kulikuwa na msumari kwenye boriti, na usiku tochi ilining'inia pale ikiangaza chini, mikono ya Mama ikabaki huru. Msumari ulipolegea, aliitwa mama mkwe wa mzazi aishike. Mama alisema mama mkwe ni msumari mbaya: hutetemeka, humulika uso wa mzazi badala ya pale panapohitajika, na huanza kusali katikati ya kazi.

Nayaeleza haya ili ieleweke ugomvi wa nyumbani kwetu ulihusu nini. Mama alikuwa ameshastaafu. Umeme ulikuwa umefika kijijini, ingawa haukukaa kila usiku, na tochi ilikuwa bado inafanya kazi ya kwenda zizini, chooni, na kwa majirani walioendelea kumgongea usiku kana kwamba kustaafu ni jambo la mchana tu. Globu ikaungua. Duka la kijijini halikuwa na nyingine, la Mlalo halikuwa nayo, na nilipoambiwa nitafute Dar es Salaam nikakuta kwamba kitu kilichokuwa kikiuzwa katika kila duka la rejareja, kidogo kama punje ya harage, kimeandikwa 3.8V 0.3A ubavuni, hakuna tena anayehangaika kukiagiza. Muuza duka mmoja kijana aliniuliza globu ya tochi ni nini.

Kaka yangu akasema lile ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelisema: tununue tochi mpya ya kuchaji, mambo yaishe. Mama akamjibu kwa sauti yake ya zahanati, ile isiyopandishwa.

"Imeungua globu. Haijafa."

Kesi nikapewa mimi, kwa kuwa ndiye ninayekaa karibu na Kariakoo.

Watu hudhani kuwa na tochi ni kuwa na tochi. Sisi tulikua tukijua kwamba kuwa na tochi ni kuwa na betri, na mengine yote ni bomba la bati. Betri zetu zilikuwa za National, zilizotengenezwa Dar es Salaam, na mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari na sabuni zilipokuwa za kupanga foleni, betri nazo zilipatikana kwa kujuana. Mama alizipanga kwa madaraja. Mpya zilikuwa za wazazi na wagonjwa peke yao. Mtoto aliyeonekana na tochi yenye betri mpya akisaka panzi alijua atakachokipata. Zikianza kutoa mwanga wa rangi ya chungwa zilishuka daraja, zikaenda kwenye redio, kwa sababu redio hula kidogo, na betri iliyoshindwa kuwasha tochi huweza kusoma taarifa ya habari kwa siku nyingi zaidi. Zikishindwa kuendesha redio zilianikwa juani juu ya bati la jiko, na jioni zikarudi na uhai kidogo.

Mwalimu wetu wa sayansi aliyacheka hayo ya kuanika betri, akayaita imani za wazee. Nadhani alikosea. Joto huharakisha kemia iliyo ndani ya betri ya zinki, na betri iliyopumzishwa baada ya kutumika sana hurejesha sehemu ya nguvu zake hata bila jua. Hairejeshi nyingi, na ikianikwa mno hupasuka, kwa kuwa lile kopo la nje lenyewe ndilo zinki inayoliwa kila umeme unapotoka. Linapotoboka, maji yenye chumvi huvuja na kula springi ya tochi. Mama alilijua hilo kwa macho, siyo kwa kitabu. Kila Jumapili alizitoa betri, akazifuta, akazikagua chini kama zimelowa. Zikifa kabisa tulizipasua, tukatoa kijiti cheusi cha kaboni cha kuchorea ukutani na ule unga mweusi, na unga ukapelekwa shuleni kupaka ubao. Mwalimu yuleyule aliupokea bila kucheka.

Kwa hiyo nilipoambiwa niamue kati ya kununua mpya na kutengeneza ya zamani, nilichokisikia mimi ni swali jingine: ni nani atakayeilisha, na kwa kitu gani kinachopatikana wapi?

Saizi ya betri hizo, ambayo viwandani huitwa D, iliingia sokoni Marekani mwaka 1898, kazi ya kampuni ya National Carbon, ambayo haina undugu na National ya kwetu. Mwaka uliofuata, 1899, mvumbuzi David Misell alipata hataza ya tochi ya mkononi kule New York: bomba, betri zimepangwa ndani mstari mmoja, globu na kikombe kinachong'aa mbele. Conrad Hubert akaifanya biashara, na jina la Eveready likatoka humo. Ukiitazama tochi ya Mama unaona wazo lilelile limesimama, na betri iliyotoka kiwandani mwezi uliopita inaingia ndani yake bila ubishi. Vifaa vya umeme vinavyoweza kujisifia hivyo ni vichache. Chaja ya simu niliyoitumia zamani haina tena pa kuchomekwa.

Lakini nisiipambe betri kavu kupita kiasi. Kule Nakuru, kiwanda cha Eveready kilichokuwa na nembo ya paka kilifungwa mwaka 2014, na betri zikawa za kuagizwa kutoka nje. Siku moja nazo zitakuwa kama globu, na muuza duka kijana atauliza betri kubwa ni nini. Ninachosema ni kwamba siku hiyo haijafika kijijini kwetu. Duka lililo chini ya nyumba ya Mama halina dawa ya mswaki kila wakati, lakini betri linazo.

Globu yenyewe iliondolewa na LED nyeupe, iliyokuja mimi nikiwa mtu mzima. LED nyekundu na za kijani zilikuwapo kwa miaka mingi kwenye redio na vikokotoo. Bluu ndiyo iliyowashinda watu, na bila bluu hakuna nyeupe. Mwaka 1993 Shuji Nakamura, akiwa katika kampuni ya Nichia kule Japani, alionyesha LED ya bluu yenye mwanga mkali. Isamu Akasaki na Hiroshi Amano nao walikuwa wameisotea bluu hiyohiyo, na wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Nyeupe ikapatikana kwa hila: unachukua LED ya bluu, unaipaka unga unaogeuza sehemu ya mwanga wake kuwa manjano, na macho yanachanganya yenyewe. Hila hiyo itatusumbua mbele kidogo. Kwetu iliingia kwa mlango wa simu. Nokia 1100 ya mwaka 2003 ilikuwa na tochi kichwani, na nakumbuka mjomba aliyeinunua akiwa hana mtu hata mmoja wa kumpigia.

Fundi niliyemwendea yuko mtaa wa Gerezani, mzee anayetengeneza redio kwenye meza chini ya mwavuli.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Ilete hiyo maiti."

Aliifungua mkiani, akachungulia ndani, akainusa, akakwaruza springi kwa ukucha. Halafu akasema, "Betri tatu. Una bahati."

Bahati yenyewe ni hesabu, na nitaieleza kwa sababu ndiyo inayoamua mambo mengi kabla ya mapenzi kuingilia. LED nyeupe inahitaji kama volti 3 na kidogo ndipo iwake vizuri. Betri moja kubwa ikiwa mpya ni volti 1.5. Tochi ya betri mbili ina volti 3 siku ya kwanza tu. Zikichoka kidogo LED inabaki ikikonyeza, hata kama betri bado zina nguvu ya kutosha kuiwasha globu ya zamani. Ili tochi hiyo ipate LED, lazima iongezewe saketi ndogo ya kupandisha volti. Betri tatu ni volti 4.5, na hapo kazi inakuwa nyepesi: kinachozidi kinazuiwa na risista moja. Fundi alipiga hesabu kwa sauti, mimi nikiwa shahidi. Toa 3.2 kwenye 4.5, inabaki 1.3. Gawanya kwa ampea 0.1, unapata ohm 13. Hakuwa na ya 13. Akaokota ya 15 kwenye kopo la maziwa na kusema kupungua kidogo hakumuui mtu.

Globu ya zamani ilikuwa inakula ampea 0.3 kwa volti 3.8, yaani zaidi kidogo ya wati moja, na sehemu kubwa ya wati hiyo iliondoka kama joto. LED ya fundi ilikula chini ya theluthi ya umeme huo na kumulika zaidi. Tena betri za zinki huwapendelea walaji wa polepole: ukizinyonya taratibu hutoa jumla kubwa kuliko ukizinyonya kwa pupa. Akiba, basi, inapita hata ile mara tatu ya hesabu. Hata kutu kwenye springi inapungua ubaya, kwa sababu umeme mdogo ukipita mahali pagumu hupoteza volti kidogo. Pamoja na hayo fundi aliisugua springi kwa msasa laini na kuifuta kwa spiriti, akisema tochi nyingi zinazoletwa kwake kama zimekufa zina uchafu tu.

Huko Ulaya na Marekani wenye tochi za zamani kama Maglite huuziwa globu za LED zilizokwisha kutengenezwa, za kuingiza tu mahali pa ile ya waya, nyingine zikiwa na saketi ndani inayokubali betri mbili hadi sita. Kariakoo sikuzikuta. Fundi aliivunja globu iliyoungua ndani ya kitambaa, akabakiza kitako chake cha kukaza, akalehemu juu yake LED aliyoing'oa kwenye tochi ya plastiki iliyokufa. Kisha akakwaruza alama ya kujumlisha kwa ncha ya bisibisi ndani ya kifuniko. Globu ya waya haijali umeme unaingia upande gani. Ukizigeuza betri zote tatu inawaka vilevile, na Mama alikuwa amezoea kuzitia gizani kwa namna alivyozishika. LED hupitisha umeme upande mmoja tu. "Mwambie mama akiona giza asije akanilaumu," fundi alisema. "Azigeuze kwanza."

Nilipanda nayo basi la Lushoto nikijiona nimeshamaliza kesi.

Usiku wa kwanza ulikuwa wa ukungu, kama zilivyo nyingi huko juu. Mwanga ulikuwa mweupe sana na ulitapakaa. Waya wa globu huangaza pande zote, na kikombe kinachong'aa hukusanya mwanga huo na kuutupa mbele kama mkuki, kwa sharti kwamba waya ukae pale hasa kikombe kilipokusudiwa. LED hutazama mbele peke yake. Nusu ya mwanga wake hautii mguu kwenye kikombe, unatoka moja kwa moja na kumwagika. Ndani ya nyumba tulipiga makofi. Nje, kwenye njia inayoteremka kwenda zizini, mwanga ule uliomwagika uligonga ukungu na kuturudia usoni; tukasimama mbele ya ukuta mweupe, hatuoni ng'ombe, hatuoni hata ncha za miguu. Ile globu dhaifu ilikuwa na mkuki mwembamba uliopenya. Mama hakusema lolote. Alizima tochi, akatembea gizani kwa mazoea.

Uamuzi wake ulikuja asubuhi yake, ndani, mapazia yakiwa bado yamefungwa. Alimwita mjukuu wake, binti wa kaka, akamkalisha kwenye kigoda, akashusha kope la chini la jicho kwa kidole na kulimulika. Kisha viganja. Kisha midomo. Ni ukaguzi alioufanya maisha yake yote: kope likiwa jeupe, mtoto ana upungufu wa damu, macho ya mtoto mchanga yakiwa na umanjano, anapelekwa hospitali haraka. Alirudia mara ya pili.

"Huyu mtoto ana damu kweli?"

"Anayo, Mama. Jana kavunja vikombe vitatu."

"Basi mwanga huu unamsingizia." Akaizima tochi na kunirudishia. "Mwanga huu unasingizia watu, mwanangu. Hauwezi kuingia zahanati."

Hapo ndipo ile hila ya bluu na manjano ilipotudai. Mwanga wa waya uliochemka una rangi zote, nyekundu zikiwa nyingi kuliko zote. LED ya bei poa ina bluu kwa wingi, ina manjano, lakini nyekundu iliyokolea ni haba. Damu huonekana kwa wekundu wake, na kitu chekundu kikikosa mwanga mwekundu wa kukirudisha kwenye jicho, kinapauka. Wataalamu wana kipimo chake, CRI, ambacho balbu ya waya hupata karibu 100. LED nyingi za bei rahisi huwa kwenye 70 hivi, na zile zilizotengenezwa kwa uangalifu hupita 90. Hakuna tochi hata moja niliyowahi kuiona Kariakoo ikiwa na namba hiyo kwenye boksi. Kilichoandikwa ni lumeni, na mara nyingi lumeni zenyewe ni za kufikirika.

Nimewahi kumsikia mtu akisema mambo ya rangi ya mwanga ni ya wapambaji wa kumbi za harusi. Aende akamtazame mtoto wa siku tatu, usiku, kwa tochi ya simu.

Kaka, kwa upande wake, hakusubiri matokeo yetu. Alinunua tochi ya kuchaji, kubwa, ya plastiki ya njano, yenye plagi ya kukunja mgongoni, na kusema kweli ilikuwa kali. Kwa miezi kadhaa ilikuwa mfalme wa nyumba. Halafu ikakaa kabatini ikiwa tupu wakati wote kaka na familia yake walipokuwa wamesafiri, na iliporudishwa kwenye umeme taa yake nyekundu iliwaka lakini mwanga ulidumu kwa muda wa kufunga mlango tu. Nilimpelekea fundi. Ndani mlikuwa na betri ya risasi ya volti 4, jamii ileile ya betri ya gari, isiyovumilia kuachwa bila chaji: risasi hujenga ukoko na haukubali kuondoka. Akanionyesha pia jinsi umeme wa ukutani ulivyoingia, kapasita moja na diodi chache, hakuna transfoma, maana yake vyuma vya ndani vinakuwa kwenye umeme mkubwa wakati wa kuchaji. "Ikipasuka bodi na mtoto akaishika ikiwa kwenye plagi," alisema, na sentensi yake hakuimaliza. Betri ya aina hiyo hupatikana mjini. Kijijini haipatikani.

Siyo bahati mbaya ya kaka peke yake. Watafiti waliofuatilia watumiaji wa tochi za LED za bei ya chini nchini Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, walikuta kwamba walio wengi sana walipata tatizo na tochi zao ndani ya miezi sita tu. Na zile za betri za lithiamu zina uongo wa aina yake. Betri nzuri ya saizi ya 18650 hubeba kama miliampea-saa 3,500. Ukiona imeandikwa 9,900, umeshajua unaongea na nani. Kuna tochi mpya nzuri, zisizoingiza maji, zenye saketi inayoshikilia mwanga uleule hadi mwisho. Tatizo ni kuitambua moja kati ya mia ukiwa umesimama kwenye kibaraza cha duka huku msongamano unakusukuma.

Nikarudi Gerezani na hoja ya Mama. Fundi aliisikiliza kwa makini kuliko alivyosikiliza kitu chochote nilichomwambia kabla. Nilikuwa nimebeba balbu ya LED ya nyumbani iliyokufa, ya mwanga wa njano njano, nikidhani tutang'oa LED moja humo. Aligusa kipande kimoja kwa mita yake na kutikisa kichwa: ndani ya kila kipande wamefungasha LED kadhaa mfululizo, hizi zilitaka volti 9. Betri tatu hazitoshi. Mwishowe alipata kwa jirani yake LED ya wati moja, ya mwanga wa joto, imekaa kwenye kibamba cha alumini. Kibamba hicho kina kazi. LED haitupi joto lake mbele kama globu. Joto linarudi nyuma, na lisipopata chuma cha kukimbilia linaiua. Kwa umeme mdogo tuliokuwa tukiutumia hofu hiyo ilikuwa ndogo, lakini kuna watu huweka LED za wati tatu kwenye vichwa vya plastiki kisha hushangaa.

Safari hii alitumia pia muda kwenye kikombe. Aliiinua LED kidogo, akawasha, akamulika ukuta wa upande wa pili wa mtaa, akaishusha, akawasha tena, hadi lile doa jeusi la katikati likatoweka. Mkuki haukurudi kama zamani. Ulirudi nusu.

Mama aliijaribu kwa mjukuu yuleyule, ambaye sasa alidai peremende kabla ya kushushwa kope. "Sasa anafanana na mtoto," alisema. Ilikuwa na nguvu ndogo kuliko ile nyeupe, na hakujali. Kwenye ukungu bado si nzuri kama globu ya waya. Nilimwambia hivyo, akasema anajua njia ya zizini.

Sasa nitasema jambo ambalo kaka hulisubiri kila tunapoyazungumza haya. Kama Mama angekuwa bado kazini, nisingeitengeneza ile tochi. Ningemnunulia tochi ya kichwani, mpya, ya mwanga wa joto, hata kama ningelazimika kumwagizia mtu anayesafiri. Nesi aliyechukua nafasi yake zahanati anayo, na mikono yake miwili iko huru bila msumari na bila mama mkwe. Kwa mtu anayeshona jeraha usiku hakuna globu wala kikombe kitakachoshindana na mwanga unaogeuka pamoja na macho yake. Kutengeneza cha zamani kulifaa kwa sababu kazi ilikuwa imebadilika: ya kutembea, ya kuning'inia jikoni umeme ukikatika, ya kumtazama mtoto wa jirani kope. Kwa kazi hizo bomba la bati, betri tatu na duka lililo chini ya nyumba vinatosha, na hakuna kilichofungwa ndani yake ambacho fundi wa meza na mwavuli hawezi kukifikia.

Kuna deni moja ambalo hesabu zetu zote hazikuligusa. Betri zilizoisha zinakwenda wapi? Zamani zilikuwa chache na ubao wa shule ulizihitaji. Watafiti waliochunguza vijiji katika nchi kadhaa za Afrika wameeleza jinsi watu walivyohama kutoka mafuta ya taa kwenda kwenye LED za betri kavu wenyewe, bila mradi wala semina, na jinsi betri hizo zinavyoishia chooni, shambani au shimo la taka, kwa kuwa hakuna anayezikusanya. Kwa Mama ziko kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko, nyuma ya mlango. Ameniambia nizichukue nikishuka Dar. Nimeuliza, na sijapata mahali pa kuzipeleka, kwa hiyo ndoo bado ipo. LED imeipunguzia kasi ya kujaa.

Habari ya tochi ilienea, kama zinavyoenea habari zote za nyumba ya nesi. Wiki iliyopita alinipigia simu kunipa orodha. Jirani wa juu ana ya bati, betri tatu, springi imeota kutu: nije niichukue. Mzee wa msikitini ana ya betri mbili, ya plastiki, kichwa kimeyeyuka: amemwambia anunue mpya na asimpotezee fundi muda. Mwalimu mkuu mstaafu ana ya kuchaji iliyokufa.

"Hiyo nimemwambia asiichomeke tena ukutani," alisema. "Ya bati nimeshaitoa betri. Unakuja lini?"